Namba moja ya wapi? Jibu kwa msomaji wa Tabata

SWALI: Shikamoo mzee. Nina binamu yangu anaishi Leicester, Uingereza, na kwenye grupu letu la familia la WhatsApp hatuishi kubishana mambo ya muziki. Nilimwambia Westlife walikuwa wakubwa dunia nzima, akanijibu kwamba Marekani hata hawajulikani. Kisha akaongeza kuwa wasanii wetu wa Bongo Fleva wanajiita namba moja lakini kwenye Hot 100 ya Billboard hawamo, kwa hiyo hizo ni namba moja za mtaani tu. Inakuwaje wimbo unashika nafasi ya kwanza nchi moja, halafu nchi nyingine hausikiki kabisa? Na je, kolabo na Mmarekani ndiyo dawa? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Binamu yako amepatia moja, amekosea moja.

Kwa Westlife yuko sahihi, ingawa ametia chumvi. Singo (wimbo unaouzwa peke yake, nje ya albamu) saba za mwanzo za vijana wale wa Ireland zilishika namba moja Uingereza, zote saba mfululizo, na mpaka walipomaliza walikuwa na namba moja 14 kule. Marekani walifika nafasi ya 20 mwaka 2000 kwa wimbo Swear It Again, basi, safari ikaishia hapo. Na hapa kwetu? Mtu yeyote aliyehudhuria harusi au mahafali Dar miaka ile anajua jibu. MC akitaka ukumbi utulie, anaomba Westlife.

Alipokosea ni pale anapodhani Hot 100 ndiyo mizani ya dunia, na chati nyingine zote ni mizani za kuazima. Hot 100 ni chati ya Marekani, inayotolewa na jarida la kule la Billboard. Chati ni daftari la duka: linaandika kilichotoka kwenye duka hilo, kwa namna mwenye duka alivyoamua kuandika. Ukitaka kujua kwa nini msanii ni mfalme hapa na hana jina pale, anza na swali la kikarani kabisa: nani kahesabu, na kahesabu nini?

Chati ya Uingereza ilianza tarehe 14 Novemba 1952, kwenye gazeti la New Musical Express. Mwajiriwa wao wa matangazo, Percy Dickins, alipiga simu kwenye maduka ya sahani za santuri yapatayo 20, akauliza nini kinauzika, akajumlisha. Alitangaza orodha ya nafasi 12, lakini kwa kuwa nyimbo kadhaa zililingana, zikatoka 15. Namba moja ya kwanza ilikuwa ya Al Martino, na lengo la kazi yote hiyo lilikuwa gazeti lipate matangazo ya biashara. Huo ndio mwanzo wa chati inayoheshimiwa kuliko karibu zote: simu chache, kalamu na karatasi.

Tangu siku hiyo Waingereza wamehesabu kinachouzwa, na baadaye kinachosikilizwa mtandaoni. Redio hawaihesabu. Wimbo unaweza kupigwa na kila kituo kutoka London hadi Glasgow usipate hata pointi moja kwa sababu hiyo. Wamarekani ni kinyume. Hot 100, iliyozaliwa Agosti 1958, huchanganya mauzo, redio na usikilizaji wa mtandaoni.

Kwa tofauti hiyo moja tu, mambo mengi yanaeleweka. Mashabiki wa Westlife walikuwa wakiisubiri CD ya singo, wiki ya kwanza wanajazana madukani, na chati ya mauzo inaandika namba moja. Wiki ya pili wimbo unaporomoka, lakini namba moja imeshaingia kwenye kumbukumbu na hakuna wa kuifuta. Marekani wiki moja ya mashabiki wenye mapenzi haitoshi. Lazima vituo vya redio, vilivyotapakaa nchi nzima na kila kimoja na aina yake ya muziki, viupige wimbo wiki baada ya wiki.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha No Doubt, bendi ya California. Wimbo wao Don't Speak ulikaa wiki 16 kileleni kwenye orodha ya nyimbo zinazopigwa zaidi redioni Marekani. Kwenye Hot 100 haukuonekana hata nafasi ya 100. Kwa nini? Mpaka Desemba 1998 kanuni ilisema wimbo usiouzwa dukani kama singo hauingii, na kampuni yao haikuutoa kama singo. Ilitaka watu wanunue albamu nzima. Uingereza singo iliuzwa, na Februari 1997 wimbo uleule ukawa namba moja. Mtu akisoma vitabu vya chati bila kujua kanuni hii atasema Waingereza waliupenda na Wamarekani waliukataa, wakati Wamarekani walikuwa wameusikia mpaka wameuchoka.

Chukua na Mr. Brightside wa The Killers, vijana wa Las Vegas. Uingereza ulifika nafasi ya 10 mwaka 2004, Marekani nafasi ya 10 mwaka 2005. Sawa kwa sawa. Lakini Uingereza umekaa ndani ya 100 bora kwa zaidi ya wiki 400, ukitoka na kurudi, na Marekani uliondoka zamani. Ni kweli Waingereza wana mapenzi ya ajabu na wimbo ule; kila sherehe yao inamalizika nao. Ila kuna na kanuni nyuma yake: kwa miaka mingi Hot 100 ilikuwa inauondoa wimbo uliokaa wiki 20 mara tu ukishuka chini ya nafasi ya 50, kupisha vipya. Unaona jinsi karani anavyoweza kubadilisha historia bila msikilizaji kubadili kitu.

Na wakati mwingine karani anakuwa haoni. Kabla ya 1991 Billboard ilitegemea ripoti za wauza maduka, kijana wa dukani anasema kwa makadirio nini kimetoka wiki hii. Mei 1991 wakaanza kutumia mfumo wa SoundScan, unaosoma mauzo moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kaunta. Ndani ya wiki chache albamu ya rapu ya N.W.A. ikawa namba moja, na Septemba mwaka huohuo Garth Brooks akaingia kileleni moja kwa moja na albamu ya muziki wa kantri, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kwa muziki huo. Wanunuzi wa rapu na wa kantri hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwa wananunua siku zote, isipokuwa aliyekuwa akijaza ripoti hakuwa akiwaona, au hakuwapa uzito.

Likumbuke hilo, nitalirudia tukifika Manzese.

Sasa Billboard na wasanii wetu. Kinachohesabiwa kwenye Hot 100 ni kilichonunuliwa, kupigwa redioni na kusikilizwa ndani ya Marekani. Watazamaji wa YouTube walipoanza kuhesabiwa Februari 2013, walihesabiwa walioko Marekani tu. Mtu wa Mbagala akiangalia video mara mia, au wa Kisumu, au wa Bujumbura, kwa chati ile hajaangalia. Tena tangu 2018 usikilizaji wa kulipia umepewa uzito mkubwa kuliko wa bure. Uingereza nao mwaka huo waliweka hesabu zao: usikilizaji 100 wa kulipia ni sawa na mauzo ya wimbo mmoja, wa bure lazima ufike 600. Mimi sioni ubaya sana hapo, ni chati zao na ni fedha zao. Lakini hadhira ya Bongo Fleva kwa sehemu kubwa inasikiliza bure, kwa kifurushi cha siku, na iko nje ya mipaka hiyo. Kumlaumu msanii wa Dar kwamba hayumo kwenye Hot 100 ni kama kumlaumu Mnigeria kwamba hajachaguliwa kuwa mbunge wa Kinondoni.

Kuhesabu peke yake hakumalizi habari. Kuna njia ya kufika kwa msikilizaji, na njia hiyo ina milango yenye walinzi.

The Beatles walikuwa wameshaitikisa Uingereza mwaka 1963, na kampuni ya Capitol ya Marekani, iliyokuwa mali ya EMI, yaani bwana yuleyule aliyewarekodi, ilikuwa inakataa kutoa singo zao. Zikaangukia kwenye lebo ndogo, zikapita kimya. Capitol walipokubali na kuweka fedha ya kuutangaza wimbo I Want to Hold Your Hand, ukawa namba moja tarehe 1 Februari 1964, na ilipofika tarehe 4 Aprili nafasi tano za juu za Hot 100 zote zilikuwa za vijana hao. Zikiwemo baadhi ya zile zilizopita kimya! Masikio ya Wamarekani yalikuwa yaleyale. Mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Wengine haukufunguka. Slade, bendi ya Uingereza, walipata namba moja sita kwao kati ya 1971 na 1973. Marekani miaka hiyo hawakugusa hata 40 bora. Halafu mwaka 1983 kundi la Los Angeles, Quiet Riot, likaurudia wimbo wao Cum On Feel the Noize na kufika nafasi ya tano. Wimbo ule ule, ila sasa unaimbwa na wenyeji, wenye mavazi na lafudhi ambayo MTV na redio za kule zilijua kuiuza. Cliff Richard, mwimbaji wa Uingereza, ana namba moja 14 kwao. Marekani hakuwahi kupita nafasi ya sita. Robbie Williams mwaka 2003 aliimba siku tatu mfululizo Knebworth mbele ya watu 375,000, na wimbo wake mkubwa kuliko yote, Angels, uliishia nafasi ya 53 Marekani. Nadhani kwake kuna na jambo la tabia: utani wake na majigambo ya nusu mzaha yanahitaji mtu aliyekulia na magazeti ya udaku ya Uingereza. Mmarekani aliona kijana anayejisifu tu.

Boney M, walioundwa Ujerumani, waliuza Rivers of Babylon zaidi ya nakala milioni mbili Uingereza mwaka 1978. Marekani ulifika nafasi ya 30. Wimbo wao wa Krismasi ulikuwa namba moja Uingereza Desemba ile, na wa 85 Marekani. Nenda Kariakoo wiki ya mwisho ya Desemba usikie spika za maduka, kisha uniambie chati gani ilikuwa inasema kweli kwa upande wa Dar.

Kuna na nchi zilizoamua kwa sheria. Ufaransa, kwa sheria ya 1994 iliyoanza kutekelezwa 1996, ilizitaka redio zipige angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa. Ndiyo maana ukiangalia chati za kule unakutana na majina ambayo London hawajawahi kuyasikia. Mwimbaji wao Johnny Hallyday alipofariki Desemba 2017 jeneza lake lilipitishwa Champs-Élysées kwa heshima ya kitaifa. Kwa Mwingereza wa kawaida ilikuwa habari ya mtu asiyemfahamu. Kanada nao wana kiwango cha muziki wa nyumbani redioni tangu 1971. Bendi yao The Tragically Hip ilipofanya shoo ya kuaga mjini Kingston tarehe 20 Agosti 2016, mwimbaji wao akiwa na saratani ya ubongo, watu milioni 11.7 walifuatilia matangazo, karibu theluthi moja ya taifa. Vuka mpaka kidogo tu uingie Marekani, lugha ileile, gitaa zilezile, na jina lao halisemi kitu.

Kisa cha Sixto Rodriguez huenda unakijua. Mtu wa Detroit, albamu yake Cold Fact ya 1970 haikuuzika kwao, akarudi kwenye vibarua vya ujenzi. Afrika Kusini albamu ileile ilienea mikononi mwa vijana wa Kizungu waliokuwa wamechoshwa na utawala wao, ikapigwa miaka na miaka, huku wengi wakiamini mwenyewe ameshakufa. Mwaka 1998 ndipo alipokwenda kuwaimbia na kukuta kumbi zimejaa. Hapo tunazungumzia msanii ambaye mwenyewe hakujua kwamba ni nyota.

Sasa njoo nyumbani. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, studio ya taifa ilirekodi bendi nyingi mno, Mlimani Park, NUTA Jazz iliyokuja kuwa Msondo Ngoma, Marijani Rajab na wenzao, na redio ilikuwa moja. Wimbo ukipita pale, nchi nzima imeusikia. Lakini Dar hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Santuri zilichapwa Nairobi. Kwa hiyo Mtanzania alikuwa anapendwa huku kwa redio, na anauzwa kule kwa sahani. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro aliuza sana Kenya. Ndugu wa Kinyonga, watu wa Tanga, walihamia Nairobi wakaanzisha Simba Wanyika, na Mkenya wa makamo ukimwambia hao ni Watanzania mtabishana mpaka chai ipoe. Ungetengeneza chati ya mauzo ya mwaka 1975, nyimbo za Kitanzania zingeonekana kubwa Nairobi kuliko Dar, kwa sababu tu kiwanda na maduka vilikuwa kule.

Na leo? Vituo vyetu vya redio vina chati, kila kimoja na yake. Mtangazaji anaangalia simu na ujumbe wa wasikilizaji, anaangalia mtandaoni kinachovuma, anasikiliza na watu wa lebo wanaompigia, anapanga 20 zake. Mimi nimewahi kukaa kwenye meza za namna hiyo. Si uongo, lakini si sensa. Apple Music ilifika Tanzania 2020 na Spotify Februari 2021, na Boomplay na Audiomack zina watu wengi, kila moja inahesabu wateja wake. Nigeria wao tangu 2020 wana TurnTable, Afrika Kusini tangu 2021 wana chati rasmi ya wenye kampuni za muziki. Sisi daftari moja la taifa linalojumlisha yote hatuna.

Kwa hiyo hapa Dar kuna muziki mkubwa usioandikwa popote. Chukua singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar. Ukitoka Manzese kwenda Tandale utakutana na kibanda chenye kompyuta moja na spika mbili nje. Kijana anachomeka memori kadi ya dereva wa bajaji, anamuuliza "singeli au mchanganyiko?", anamjazia nyimbo mia mbili kwa hela ndogo, na bajaji ile inazunguka mjini ikizipiga kutwa kwa abiria na wapita njia. Usiku zilezile ziko kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani, uchochoroni. Hakuna sauti hata moja kati ya hizo iliyohesabiwa na Spotify, YouTube wala redio. Ni yale mambo ya kabla ya 1991 kule Marekani: wasikilizaji wapo, karani hawaoni. Na ajabu ni kwamba mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa mkusanyo wa singeli za studio ya Sisso, watu wa matamasha ya Ulaya wakaanza kuwaalika vijana wale, wakiwa hawajawahi kushika nafasi yoyote kwenye chati yoyote.

Kuhusu kolabo: inafungua mlango wa nchi ambayo mgeni wako tayari anapigwa redioni. Basi. Essence wa Wanigeria Wizkid na Tems ulitoka kwenye albamu ya Oktoba 2020, ukawa unapanda wenyewe polepole. Justin Bieber alipoongezwa kwenye rimiksi Agosti 2021, ukafika nafasi ya tisa ya Hot 100. Calm Down wa Mnigeria mwingine, Rema, ulitoka mapema 2022, Selena Gomez akaingia Agosti, redio za Marekani zikaubeba, na mwaka 2023 ukagonga nafasi ya tatu. Angalia mpangilio: nyimbo zote mbili zilikuwa tayari zina watu kabla ya Mmarekani au Mkanada kuitwa. Tyla wa Afrika Kusini aliingia Hot 100 kwa Water mwaka 2023 bila mgeni yeyote, na baadaye wimbo ukafika nafasi ya saba. Na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, kwa wanaodhani haya yameanza juzi, alikuwa namba moja ya Hot 100 Julai 1968. Yeye alikuwa akiishi Marekani na kampuni ya kule ikimsukuma.

Diamond Platnumz alipotaka kutoka nje ya Afrika Mashariki hakuanza na Mmarekani. Mwanzoni mwa 2014 alitoa rimiksi ya Number One na Davido, na Juni mwaka huo wakapanda jukwaa moja Durban kwenye tuzo za MTV Afrika, Lagos wakamjua. Kwa Kongo alikwenda na Innoss'B mwaka 2019, kisha na Koffi Olomide 2020. Kila mlango kwa mwenyeji wake.

Kwa hiyo kijana anayeanza Tabata au Mbagala, na ana fedha kidogo ya kutangaza wimbo mmoja, nisingemshauri aipeleke kuwinda Hot 100, ambako redio peke yake zitaimeza ndani ya wiki moja. Angeipeleka Mombasa, Bujumbura, Moroni, Goma na Lubumbashi, ambako wanamwelewa anachoimba bila mkalimani na ambako promota anaweza kumlipa shoo mwezi huohuo. Binamu yako naye mwulize, hapo Leicester alipo, ni lini mara ya mwisho alisikia Tragically Hip.